Shajara ya kukarabati ukuta wa bustani ya shamba la kale, Unguja

Ukuta huu unazunguka bustani ya nyumba ya shamba iliyo pwani ya magharibi ya Unguja. Bustani ni mstatili wa mita 62 kwa 41, ukuta una kimo cha mita 2.4, na umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Awamu hii inahusu upande mmoja tu wa mita 62 unaotazama bahari: kujenga upya pengo la mita 6 lililobomoka, kubandua plasta ya saruji, na kutengeneza kofia, yaani sehemu ya juu inayomwaga maji. Vipimo vyote vya mchanganyiko ni vya ujazo, si vya uzito. Ndoo ileile itumike toka mwanzo hadi mwisho.

10 Juni 2023. Kuusoma ukuta kabla ya kuugusa

Pengo limetufaa kwa jambo moja: linaonyesha tumbo la ukuta. Nje na ndani kuna mawe makubwa yaliyochongwa uso mmoja, na katikati ni vipande vidogo vilivyoshindiliwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Unene ni sentimita 55 chini na 45 juu. Kila baada ya mita moja na nusu hivi kuna tundu la mraba lililopita upande wa pili. Hayo ni matundu ya boriti za jukwaa la waashi wa zamani, na hayakuzibwa kwa sababu yanasaidia ukuta kukauka. Yaachwe.

Kwenye kimo cha mita 1.7 kuna mstari wa mawe bapa yaliyotokeza kidogo, umezikwa ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo kofia ya kwanza. Sentimita 70 za juu yake ziliongezwa baadaye, kwa mawe madogo zaidi na mota, yaani mchanganyiko wa kushikishia mawe, yenye mchanga mwingi. Ukuta wa mita 1.7 unamzuia mbuzi na mwizi mvivu. Wa mita 2.4 unamzuia hata mpanda farasi asione ndani, kwa hiyo nyongeza ile ilikuwa ya sitara. Mfano mkubwa wa ukuta wa namna hiyo upo Maruhubi, kasri ambalo Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga kati ya 1880 na 1882. Inaelezwa kwamba ule ukuta mrefu uliozunguka viwanja vyake ulitokana na kuta alizoziona kwenye mashamba ya mabwanyenye alipozuru Uingereza mwaka 1875. Kasri liliungua 1899, ila nguzo, hamamu na madimbwi ya maji bado yanaonekana.

Waliolichukua umbo la ukuta wa Uingereza hawakuchukua kazi yake. Kule ukuta wa bustani ni wa matofali ya kuchoma, aghalabu mita 3 hadi 4, ili uhifadhi joto la jua mchana na kulitoa usiku. Pichi na peasi hutandazwa na kufungwa moja kwa moja ukutani, na baadhi ya kuta zilijengwa na njia za moshi ndani yake ili zipashwe moto wakati wa baridi. Unguja joto hilo ni adui. Mmea ulioegemea uso wa magharibi huungua majani saa tisa alasiri, ndiyo maana vitanda vya bustani hii vinaanzia mita moja kutoka ukutani, na nafasi iliyobaki ni njia ya miguu na mfereji.

Na mfereji ndio ulioleta balaa. Maji yalitoka kisimani, yakaingia kwenye birika, yakapita mferejini kuzunguka vitanda, kisha ziada ikatoka kwa tundu la sentimita 25 kwa 30 chini ya ukuta wa magharibi, kwa kuwa ardhi inateremka kuelekea bahari. Tundu hilo limezibwa kwa zege. Pengo la mita 6 limekaa juu yake hasa. Maji ya masika yalikosa pa kutokea, yakasimama nyuma ya ukuta, udongo mwekundu wa tumboni ukalainika, na mawe ya nje yakasukumwa. Anayejenga pengo kama hili bila kulifungua tundu atalijenga tena.

Kazi ya kwanza kwa hiyo imekuwa tindo na nyundo: kuvunja zege la tundu, kusafisha mfereji hadi sakafu yake ya zamani ya chokaa, na kuacha maji yatoke. Miche ya mwarobaini na mikuyu iliyoota juu ya ukuta imekatwa, haikung'olewa. Mzizi wa mkuyu ukivutwa hutoka na jiwe. Hukatwa, hutobolewa, huachwa ufe, na huondolewa wakati wa kufungua kofia.

24 Juni 2023. Kuzima chokaa

Chokaa inazimwa sasa, yaani inatiwa majini ichemke na kutulia, ili iwe tayari Septemba. Hesabu: pengo lina takriban mita za ujazo 7.2, na ukuta wa mawe yasiyo na umbo hula mota kwa theluthi moja au zaidi kidogo, yaani mita 2.5. Kofia itakula karibu mita 1.9. Plasta ya uso wa nje, mita za mraba 149 kwa unene wa sentimita 2, itakula mita 3. Jumla mita 7.4 za mota, na kwa mchanganyiko wa 1 kwa 3, chokaa moja kwa mchanga tatu, zinahitaji takriban mita za ujazo 2.5 za chokaa iliyozimwa. Tumenunua kilo 1,700 za chokaa isiyozimwa. Kila kilo imetoa lita moja na nusu ya uji mzito, maana ilikuwa na mabonge mengi yasiyoiva. Chokaa nzuri hutoa lita 2 na zaidi.

Maji hutangulia pipani, chokaa hufuata kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya chokaa kavu, hulipuka na kurusha uji unaochemka. Miwani na glovu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho. Baada ya kuchemka na kutulia, uji umechujwa kwa wavu wa milimita 3 na kuhifadhiwa kwenye mapipa 13 ya lita 200, juu yake vidole vinne vya maji ili hewa isiifikie. Mabonge yaliyobaki wavuni yasirudishwe pipani. Bonge likizimika baadaye ndani ya plasta huvimba na kutoboa shimo la ukubwa wa sarafu.

Kuna wanaouliza kwa nini isitumike chokaa ya unga ya mfukoni. Inatumika, lakini iliyokaa dukani muda mrefu imeshaanza kurudi kuwa jiwe ndani ya mfuko wake na haishiki. Ikibidi, iloweshwe siku moja kabla.

15 Julai 2023. Mchanga na vipande vya majaribio

Mchanga wa Unguja hupatikana kwa kibali, kwa hiyo ulipiwe mapema. Tumepata lori mbili za mita za ujazo 4. Lori ya kwanza ilionekana safi. Kiganja cha mchanga wake kiliwekwa kwenye sahani nyeusi na maji kidogo, kikaachwa juani. Maji yalipokauka ukingo wa sahani ulibaki na ukoko mweupe. Ni chumvi. Mchanga wote wa lori hiyo umeoshwa kwa maji ya kisima juu ya turubai lililoinamishwa, ukageuzwa kwa koleo na kuoshwa tena hadi sahani ilipokauka bila ukoko. Kazi hiyo haikuwa kwenye bajeti. Kipimo cha sahani hakigharimu kitu, na kingefanywa kwa muuzaji kabla lori halijapakiwa.

Kuhusu kiasi cha chokaa, fundi mmoja atasema moja kwa mbili, mwingine moja kwa nne. Mchanga wenyewe hutoa jibu. Jaza chombo cha lita moja kwa mchanga mkavu, ukigonge ushuke, kisha mimina maji kwa kipimo hadi yafike usawa wa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi iliyo kati ya chembe, na chokaa inatakiwa kuijaza nafasi hiyo. Mchanga huu umekunywa mililita 340, basi ni moja kwa tatu kasoro kidogo.

Vipande vya majaribio vya nusu mita mraba vilipakwa ukutani kuthibitisha. Cha 1 kwa 2 kilijaa nyufa nyembamba siku ya tatu, kwani chokaa husinyaa inapokauka na hapo ilikuwa nyingi mno. Cha 1 kwa 4 kilitoka unga ukikipitishia kidole. Cha 1 kwa 3 kimetulia. Kipande cha nne kilitiwa saruji kidogo "kukisaidia", jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema. Kimeshika haraka, ni kigumu, na tulikibandua. Kiliondoka kama kigae, nyuma yake kimebeba ngozi ya jiwe. Jiwe la tumbawe ni laini kuliko saruji, kwa hiyo kitu kikipasuka ni jiwe.

5 Agosti 2023. Kubandua saruji

Plasta ya saruji ilikuwa na unene wa sentimita 3 mpaka 4. Ukiigonga kwa mpini wa nyundo, karibu sehemu yote inalia tupu. Nyuma yake jiwe limelowa, na chumvi imejikusanya kama unga mweupe palepale saruji inapogusana na jiwe. Upepo wa bahari huleta chumvi, mvua huiyeyusha, maji huingia kwa juu na kwa nyufa, kisha yanashindwa kutoka kwa sababu saruji haipitishi unyevu. Chumvi hukauka ndani ya matundu ya jiwe, hutanuka, na jiwe linaoza huku uso wa nje ukionekana mzima. Kwenye plasta ya chokaa mambo hayo hutokea juu ya plasta, na ikichoka hupakwa nyingine.

Njia ya kwanza, nyundo kubwa katikati ya kipande, iling'oa nyuso za mawe kwenye mita mbili za mwanzo na ikasimamishwa. Iliyofaa ni hii: tindo jembamba, kuanzia kwenye ufa au ukingo, tindo lilazwe karibu sambamba na ukuta, na kipande kivutwe kwa mkono badala ya kupigwa hadi kianguke. Mahali pasipolia tupu pamekatwa miraba midogo kwanza. Kwenye nguzo mbili za lango saruji imeng'ang'ania kiasi kwamba kuitoa kungeharibu kona zilizochongwa, imeachwa.

Baada ya hapo ukuta umeachwa wazi mwezi mzima wa upepo wa kusi ukauke. Chumvi iliyojitokeza imefagiwa kwa brashi kavu kila wiki na kuzolewa. Isisafishwe kwa maji, hurudi ndani.

2 Septemba 2023. Kujenga pengo

Mawe yametoka kwenye kifusi cha ukuta wenyewe, yamepangwa kwa ukubwa kando ya kamba kabla ya kuanza. Mengi yalikuwepo, pungufu kama moja ya tano. Pungufu hiyo ina historia yake. Mashamba makubwa ya karafuu ya Unguja yalisimama juu ya kazi ya watumwa. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya kisiwa, na hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikagawiwa eka tatu tatu. Ukuta uliojengwa kumzuia mtu asiingie shambani mwa bwana ukakosa wa kuulinda, na mawe yaliyochongwa ni mali, hubebwa yakajengewe misingi. Mawe ya kujazia yamepatikana kwenye rundo la nyumba iliyobomolewa jirani. Matumbawe hai ya baharini hayakatwi.

Msingi wa zamani, sentimita 60 chini ya ardhi, ulikuwa mzima isipokuwa juu ya tundu la mfereji. Pale limewekwa jiwe moja refu la kubeba, limeegemea sentimita 20 kila upande.

Mota ya tumboni haikuwa 1 kwa 3 ya kawaida. Chokaa hugeuka jiwe kwa kunyonya hewa ukaa, na katikati ya ukuta wa nusu mita hewa haifiki upesi. Tumetumia chokaa 1, mchanga 2.5, na unga wa matofali ya kuchoma nusu. Matofali mekundu yaliyoiva vizuri yametwangwa na kuchekechwa kama unga wa mahindi ya dona. Unga huo huifanya chokaa ishike hata mahali penye unyevu. Pia upo kwenye mota ya zamani ya birika, vipunje vyekundu vinaonekana kwa jicho.

Mawe yaloweshwe kabla ya kuwekwa. Tumbawe kavu hufyonza maji ya mota kwa dakika chache, mota inabaki makapi. Kila mita ya mraba iwe na angalau jiwe moja la kufunga linalopita unene wote au kukaribia, la sivyo nyuso mbili huachana kama kurasa. Katika pengo la zamani hatukupata hata moja kwenye sehemu iliyoongezwa juu.

Kasi nayo ina mpaka. Siku ya pili waashi walipandisha karibu mita moja, na asubuhi yake uso wa nje ulikuwa umefura kwa sentimita 2 kwenye timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, kwa kuwa mota ya chini ilikuwa bado laini. Tabaka hilo limebomolewa na kurudiwa. Tangu hapo ni sentimita 40 kwa siku, kisha magunia mabichi.

23 Septemba 2023. Kofia

Mota mpya na mawe bapa juu ya urefu wote wa mita 62, unene wa wastani sentimita 12. Mizizi ya mikuyu imetolewa hapa, na nyufa zake kujazwa mota ya unga wa matofali. Mita 14 za kwanza zimetengenezwa kwa mteremko mdogo wa upande mmoja, kufuata mabaki yaliyokuwepo. Zilizobaki zina mgongo katikati na miteremko miwili.

14 Oktoba 2023. Plasta

Tabaka la kwanza milimita 10, la pili 8, kisha chokaa ya kupaka. Uso unaotazama magharibi hupakwa asubuhi tu, wakati una kivuli. Mita chache zilizopakwa baada ya adhuhuri zilikauka kabla jua halijazama na kesho yake zikatoa vumbi. Plasta ya chokaa iliyokauka haraka imekufa, kuimwagia maji baadaye hakuifufui. Imekwanguliwa. Dawa ni kulowesha ukuta jioni ya jana yake na asubuhi, kutundika magunia yaliyoloweshwa umbali wa kiganja kutoka ukutani, na kunyunyiza kwa siku saba. Tabaka la kwanza likwaruzwe kwa msumari lingali bichi ili la pili lipate pa kushika.

Chokaa ya kupaka iwe nyembamba kama maziwa. Ikiwa nzito kama rangi ya dukani hubanduka magamba. Mara nne nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito.

9 Desemba 2023. Baada ya vuli

Vuli ya mwaka huu ilikuja na El Niño, kipimo ambacho hakuna fundi angekiomba. Tundu la mfereji lilipitisha maji bila kusimama. Pengo limekaa sawa kwenye timazi. Plasta imepoteza viraka vitatu, vyote chini ya zile mita 14 za kofia yenye mteremko mmoja. Sababu ilionekana mvua ikinyesha: mteremko ni mdogo, maji yanasimama kwenye vishimo vya mawe, na ukingo haujatokeza, hivyo maji yanashuka yakiulamba ukuta badala ya kudondoka.

Mita hizo zimefumuliwa. Sasa mgongo wa katikati uko juu ya kingo kwa sentimita 10, mawe ya pembeni yametokeza sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo umekwaruzwa mfereji mdogo upana wa kidole ili tone likifika hapo lidondoke. Mabaki ya zamani tuliyoyafuata yalikuwa yamechakaa kingo. Kofia iliyozikwa kwenye kimo cha mita 1.7 inaonyesha vizuri jinsi waashi wa kwanza walivyofanya, imetokeza sentimita 5 hadi leo.

17 Februari 2024. Kupima ugumu

Kipande cha plasta cha ukubwa wa kiganja kimevunjwa na kudondoshewa fenolifthaleini, dawa iliyomo kwenye maabara nyingi za kemia shuleni. Sehemu iliyokwisha kugeuka jiwe haibadiliki, iliyobaki chokaa huwa waridi. Baada ya miezi minne milimita 9 za nje hazikubadilika, na nyuma yake waridi kali mpaka kwenye jiwe. Ndiyo kusema tabaka la pili limeiva na la kwanza bado. Anayetaka kupaka rangi ya plastiki juu ya plasta ya namna hii anaifungia hewa na itachelewa sana kuiva. Upakaji wa pili wa chokaa umefanyika mwezi huu kabla ya masika.

8 Juni 2024. Baada ya masika, na hesabu

Hakuna kiraka kipya. Rangi ya kijani imeota sehemu ya chini ya ukuta, kwa urefu wa mita 3 karibu na tundu, mahali maji yanaporuka. Pamewekwa changarawe ya upana wa nusu mita.

Gharama zote, kwa shilingi: chokaa 1,020,000, mchanga 560,000, mbao, kamba, magunia na maturubai 740,000, kuzoa kifusi cha saruji 300,000, kurudia kofia ya mita 14, vifaa na ujira, 410,000. Ujira wa kazi nyingine zote ni 8,520,000, kwa mafundi wawili wa 35,000 kwa siku na wasaidizi wanne wa 18,000. Jumla 11,550,000, na karibu robo tatu yake ni mikono ya watu. Anayepanga bajeti asitafute nafuu kwenye chokaa.

Upande wa kaskazini, mita 41, unafuata. Una mwembe uliopandwa mita mbili kutoka ukutani na mzizi wake umeshaupinda msingi. Mti hautakatwa. Ukuta utavushwa juu ya mzizi kwa jiwe refu, kama ulivyovushwa tundu la mfereji, na nafasi ya sentimita 15 kuachwa mzizi unenepe. Chokaa yake imezimwa wiki hii, mapipa 8.